Magaga ya Bi Mize

Tangu sheria iruhusu umbo lolote duniani lisajiliwe na atakayeliwahi, liwe lake, kamera ya Saumu, mchora kanga, haikupiga tena ovyo. Ufa wa ukuta ulikuwa na mwenyewe, jani la mgomba pia, hata ukoko wa wali sufuriani. Daftari lake la michoro lilikaa jeupe miezi saba.

Asubuhi moja mama yake, Bi Mize, alinyoosha miguu mkekani. Saumu akayaona yale magaga ya visiginoni: mistari iliyopasuka, ikapishana na kukutana, nakshi tupu. Akainua kamera.

"Umbo hili lina mwenyewe," kamera ikasema. "Limesajiliwa jana na Riziki Shekue."

Riziki, mchora kanga mwenzake, shoga yake wa kufa na kuzikana!

"Mama, Riziki alifika hapa?"

"Alikuja kunijulia hali, mwanangu. Akapiga magoti, akanipaka mafuta miguuni. Nilimwombea dua mpaka machozi yakanitoka."

Saumu akasonya. Sheria aliijua: umbo lenye mwenyewe halitembezwi barabarani bila idhini yake.

Siku ya Idi, wanawake wa mtaa mzima walijifunga kanga zenye magaga ya Bi Mize. Bi Mize mwenyewe alivaa soksi.