Nguchiro Arudishwa Kwenye Uyoga

Hii naijua kuliko hata waliokuwepo. Nguchiro alipewa kazi ya kuwaonjea wanyama uyoga. Yeye, kwa uvivu, akaunusa tu, akatangaza, "Nimeonja, kuleni." Nungunungu akaharisha mpaka miiba ikalala. Nguchiro akapelekwa darasani kwa Korongo akafundishwe kuacha uongo, asipobadilika afukuzwe msituni.

Siku ya kumaliza, Korongo akajitapa mbele ya wote, "Somo langu humponya kila mwongo."

"Samahani, mwalimu," akasema Nguchiro, "umelijaribu kwa wangapi?"

Korongo akakohoa. "Wewe ndiye wa kwanza."

"Na mimi hujanipima bado."

"Jamani, huyu kapona," akasema Nungunungu, tumbo akilishika kwa kicheko.

Nguchiro akarudishiwa kazi palepale, na mwanafunzi wake wa kwanza wa kuonja kabla ya kutangaza akawa Korongo.