Kaseti Namba Moja

Kila alipopita karibu na droo ile, fundi alitembea upandeupande, kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.

Ndani mlikuwa na kaseti moja. Nyingine kumi na moja zilikuwa mezani, kando ya cherehani, ameshazisikiliza mpaka utepe wa moja ukakatika akauunga kwa gundi. Ya kwenye droo hakuigusa. Zote zilikuja pamoja ndani ya boksi la viatu, na piano ikafuata kwa lori, wiki tatu baada ya mazishi ya mdogo wake, mazishi ambayo yeye hakuthubutu kwenda.

Marehemu aliandika makasha yote kwa mkono wake. Mbili: Mimi na tarumbeta. Tatu: Mimi na besi. Nne: Mimi na gita. Na kwenye namba moja: Mimi na Dada.

Dada ni yeye. Hakukuwa na mwingine.

Fundi alijua kilichomo. Mtu akikaa na kinyongo akakosa wa kumwambia, huiambia hata mashine ya kunasa sauti. Waliwahi kuishi wawili katika nyumba hii ya wazazi wao, chumba kwa chumba, yeye akishona na mwenzake akipiga jazi yake tangu asubuhi. Siku moja fundi alimwambia kelele zile hazina kichwa wala miguu, na kwamba mama yao alikufa akimwonea aibu. Kesho yake kijana alipakia piano akahama mji. Miaka ishirini na sita hawakusalimiana. Sasa jibu lilikuwa kwenye droo, limepewa namba moja, mbele ya muziki wote.

Akafanya kama wafanyavyo waoga. Alijiambia kwamba atajifunza kwanza hicho kilichomtoa mdogo wake nyumbani, kisha ndipo asikilize hukumu.

Mwalimu wa piano alikuja kila Alhamisi saa nane mchana. Alikuwa mzee aliyestaafu bendi, mwenye pengo la mbele lililomfanya apige mluzi bila kukusudia. Walikaa katika chumba cha marehemu. Ukutani kwa upande wa pili, kwenye chumba cha kushonea, plasta ilikuwa na vishimo vingi ambavyo fundi alivifunika kwa kalenda, akawa anaibadilisha kila mwaka bila kutazama nyuma yake.

Vidole havikumpa taabu sana, kwa kuwa sindano ilikwisha kuvifundisha subira. Kilichomshinda ni kuhesabu. Mwalimu alimweleza kwamba wanahesabu mpaka nne, lakini uzito unaangukia mbili na nne. Fundi alichukua rula yake ya mbao, ile kuukuu iliyopasuka ncha, akagonga meza. Moja. Tatu. Moja. Tatu.

"Fundi, unagonga kama askari wa gwaride," mwalimu alisema.

"Mguu wangu umezoea cherehani, mwalimu."

"Basi tuufundishe uasi."

Mwezi wa nne wa masomo, akiwa anapinda suruali huku kaseti namba mbili ikizunguka, alisimamisha cherehani ghafla. Tarumbeta ilikuwa imeuliza kitu, na piano haikujibu. Ilikaa kimya, ikakaa, kisha ikajibu kwa sauti mbili tu, na zikatosha. Fundi alielewa, kwa mara ya kwanza, kwamba ule haukuwa upuuzi. Mtu anayeweza kungoja hivyo kabla ya kujibu, amengoja kumwambia yeye nini?

Mwalimu ndiye aliyeona kwamba kaseti zinaanzia mbili. Fundi akadai ya kwanza imepotea, lakini macho yake yalikwenda kwenye droo kama ya mtoto. Mzee hakumbana. Alisema tu kwamba utepe wa zamani hujifia wenyewe, unga wake ukabanduka, na mwakani huenda kisisikike kitu humo.

Hofu zikawa mbili: kumsikia, na kutomsikia tena kabisa.

Alhamisi iliyofuata aliitoa. Alimpa mwalimu, naye akaukaza utepe kwa penseli. Fundi alivuta kiti akakaa mlangoni.

"Akianza kunisema, zima."

"Nani, marehemu?"

"Zima tu, mwalimu."

Utepe ulikoroma. Kiti kililia, kijana akakohoa. Fundi akashika mwimo wa mlango. Piano ikaanza, changa, yenye pupa, na nyuma yake kitu kikavu kikaanza kugonga. Ko. Ko.

"Kumbe alikuwa na mpiga ngoma," mwalimu alisema.

Fundi hakujali ngoma. Alikuwa akingoja maneno.

Mguu wa mzee ulishaanza kucheza. "Mbili, nne. Sikia. Lakini huyu mgongaji hajui anachofanya, anakwenda anavyotaka. Ni piano inayohama ili yeye asikosee. Hapo amechelewa, na mdogo wako kamngoja. Hapo amekimbia, kamkimbilia." Alitikisa kichwa. "Mtu hampigii hivi mtu asiyempenda."

"Sauti," fundi alinong'ona. "Sauti yake bado."

Piano ikafika mwisho, ikanyamaza. Mapigo yakaendelea peke yake, matatu, manne, kwa hasira. Karibu kabisa na kinasa sauti, kijana alicheka chini kwa chini, cheko la mtu aliyefurahi.

Ndipo ile sauti ikaja. Ilitoka mbali, nyuma ya ukuta, kali, na ilikuwa ya mwanamke.

"Basi bwana! Watu tunashona huku."