Kikombe cha Mgeni

Kila asubuhi natema mate kwenye mashine ya jikoni. Inapima saratani yangu imeamkaje, kisha inanichanganyia dawa ya siku hiyo. Asiyeumwa humpa maji matupu.

Jana mdogo wangu Mwanaidi, aliyekuja kuniuguza, alinitania. "Dada, unakunywa peke yako na mgeni yupo?" Akatema.

Nikasubiri maji. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Dawa yangu huishia nusu kikombe. Yake ilipanda, nyeusi, hadi ukingoni.

Mwanaidi akacheka. "Kumbe inapika na kahawa!"

Kwa miaka mitatu nimejifunza weusi ule maana yake nini. Nikamshikisha kikombe kwa mikono miwili.

"Ndiyo, kahawa," nikasema. "Kunywa yote, mdogo wangu. Usibakize."