Anatafutwa Mwanaume Anayelia, Bure

Mwanaume wa kumi na saba naye alikataliwa.

«Huyu juu ya nini tena?» Noella akauliza.

«Meno,» Gédéon akajibu.

Ni kweli. Yule mwanaume alikuwa analia huku meno yote yako nje, meupe, kama tangazo la dawa ya mswaki. Noella akamfukuza kwa kidole. Wa kumi na nane alikuwa na kucha safi kuliko za bibi arusi. Wa kumi na tisa alilia katikati ya mafuriko, na viatu vyake vikavu.

Filamu ya Gédéon ilikuwa imekwisha, isipokuwa sekunde ishirini za mwisho: baba ambaye mtoto wake amebebwa na mto Mulongwe anakaa kwenye matope, analia. Mwaka mzima wa kazi, na festivali ya filamu ilikuwa inafunga mlango wa kupokea kazi saa kumi jioni ya siku hiyo. Bila zile sekunde, baba anatembea kwenye matope halafu kila kitu kinakatika, kama umeme wa Uvira.

Walikuwa wamezipiga, zile sekunde. Shida ni kwamba Michée, mwigizaji wao, alilia vizuri mno. Alilia mpaka wamama wa mtaa wa Songo wakatoka majumbani, na mtu wa Songo akisikia kilio cha namna ile haulizi, anabeba kuni za matanga. Mama Geneviève akaingia mbele ya kamera na fungu la kuni kichwani, akalia kumshinda Michée. Vijana wakaanza kupanga viti. Ilibidi Gédéon awaeleze watu ishirini kwamba hakuna maiti, na watu ishirini wakakasirika kama vile wamenyimwa kitu. Siku ya pili yake Michée akavuka kwenda Bujumbura, na Songo nzima ikasema kamera ile isiwalilie tena pale.

Ndiyo maana sasa walikuwa wanaokota machozi ya wengine kwenye mtandao. Noella aliandika kwa Kifaransa: mwanaume, Afrika, analia, mafuriko, bure. Wakaja simba wawili, na twiga.

«Simba hawa wamepoteza nani?» Noella akauliza.

Gédéon hakucheka. Huyo ndiye Gédéon: hacheki, hagombani, anakula anachopewa. Kitu pekee cha ajabu kwake kilikuwa juu ya meza, pembeni ya kompyuta: kiatu kidogo cha mtoto, kimefungwa kwa uzi wa kijani wa wavu badala ya kamba. Humo ndimo alimoweka kadi za kamera. Noella, aliyekuja Uvira kutoka Bwegera mwaka jana tu kufanya montaji, kuunganisha vipande vya filamu, alikwisha kukitania mpaka akachoka. Siku ya kwanza alimwuliza:

«Grand, kaka mukubwa, weye hauna bibi wala mutoto. Kiatu hii uliiba kwa nani?»

«Kadi hazipoteaka mule,» Gédéon alimjibu siku ile, na leo angemjibu vilevile.

Wa ishirini na tatu hakuwa analia kabisa. Alikaa juu ya beseni iliyogeuzwa, uso umeinama na kupakwa matope mpaka huwezi kusema ni kijana au mzee. Mkononi alishika kitu kidogo, nacho matope matupu. Chini yake waliandika: *Mwanaume akipumzika baada ya mvua. Afrika. Bure, si lazima kutaja jina.*

«Grand. Ndiye huyu.»

Gédéon akamwangalia yule mwanaume kwa muda.

«Hapana. Halii.»

«Lakini iko muzuri kuliko wote! Ata milima ya nyuma inafanana na ya kwetu.»

«Milima inafananaka.»

«Sasa weye unataka nini? Huyu haigizi.»

«Anaigiza vibaya,» Gédéon akasema, kwa sauti ileile ya kuagiza maandazi. «Maji imebeba mutoto yako, na weye unakaa juu ya beseni kama muntu anangojea kinyozi? Nani ataamini? Watasema hakumupenda.»

Noella akaondoa kidole kwenye kompyuta.

«Muntu akipigwa sana, hasikii saa ileile,» akasema. «Labda machozi yake iko njiani. Itakuja kesho.»

Gédéon akachukua andazi, akalitafuna mpaka likaisha. Ilikuwa saa tisa na nusu.

«Weka,» akasema.

«Na mwenyewe akijiona kwenye filamu, akatushitaki?»

«Hatashitaki.»

«Unajua je?»

«Weka, Noella. Saa inapita.»

Kabla ya kuiweka, Noella akaikuza ile picha, maana hizi za bure nyingine huficha jina la kampuni pembeni, halafu unaumbuka mbele ya watu. Kona ya juu ilikuwa safi. Kona ya chini, safi. Akashuka mpaka kwenye mikono.

Kile kitu kilikuwa kiatu cha mtoto. Kimefungwa kwa uzi wa kijani wa wavu.

Noella akaangalia kompyuta. Akaangalia meza.

Gédéon alikuwa amekunja mikono, macho yake kwenye saa ya ukutani.

«Ile machozi ya kesho,» akasema, «haikuja.»