Kichupa cha Mzima

Kwa mara ya kwanza maishani, yule mama aliketi akiomba kifo kije upesi.

Mbele yake, juu ya meza ya maabara, vilisimama vichupa viwili vya damu. Kimoja kiliandikwa "mzima", kama ilivyo desturi yao, bila jina. Kila Jumatatu mlinzi wa lango, mtu mwenye afya ya fahali, alijitolea damu yake ili watafiti wapate ya kulinganisha na ya wagonjwa. Kingine kilikuwa cha binti yake wa miaka sita. Tezi za shingo zilimvimba tangu mwezi uliopita, na kila akiguswa husema, "Haziumi, mama," ili mama asiogope.

Lakini mama aliogopa. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akichunguza jinsi chembe nyeupe za damu zinavyopashana habari. Zikimaliza kupigana na maradhi, hupewa ishara kwamba kazi imekwisha, nazo hufa kwa adabu. Ziko familia ambazo chembe zao hazisikii. Hubaki kama mgeni asiyejua kuaga, zikajaa kwenye tezi, mwisho zikamgeukia mwenye nyumba. Mtu anaweza kuwa na chembe hizo, akaurithisha ugonjwa huo, na mwenyewe asiumwe hata kichwa. Mtoto ndiye huupata mzigo wote.

"Alilia?" mama aliuliza.

"Nani, yule?" Muuguzi aliyeleta vichupa alicheka. Walimwita Mkono Mwepesi, kwa sindano yake isiyoumiza. "Alinihesabu vidole, akasema ninavyo kumi na kimoja. Bibi yake alimpakata vizuri. Leo pale chini hakulia mtu. Wewe tu ndiye unayetaka kulia. Kunywa maji kwanza, dada."

Alimmiminia maji, akamshika bega kidogo, akashuka.

Mama akatia dawa inayoziamuru chembe zife, tone kwa tone, sawasawa katika vichupa vyote viwili. Akangoja. Alifuta meza iliyokwisha kufutwa. Akaifuta tena. Mchana ulipopinduka, akaiwasha mashine ya kuhesabu chembe zilizokufa, akafumba macho kama mtoto anayesubiri kuchapwa.

Alipofumbua, mistari miwili ilikuwa imepanda kidogo tu kwenye kioo, kisha ikalala. Ilifuatana kama chanda na pete.

Akasogea karibu. Zilizokufa zilikuwa chache mno, hata katika kichupa cha mzima, ambacho kwa kawaida hupoteza zaidi ya nusu. Moyo ukamlipuka. Kisha akakumbuka: Ijumaa umeme ulikatika, friji ya dawa ikapata joto. Dawa imechoka, basi. Hata chembe za mlinzi, na nguvu zake zote, imeshindwa kuziua! La maana ni kwamba damu mbili hazikutofautiana. Kama huyu ni mzima, na yule ni mzima.

Akakaa sakafuni pale pale, na koti lake jeupe, akampigia mama yake simu.

"Mama, hana kitu! Mwanangu hana kitu! Ziko sawa, sawa kabisa!"

Bibi alipiga kigelegele, sauti ikakatikia kwenye kilio. Kwa mbali mtoto alisikika akiuliza, "Bibi, mbona unalia na unacheka?"

"Nyamaza wewe, mtundu, njoo nikubusu." Kisha bibi akarudi kwenye simu, akashusha sauti kama mtu mwenye siri tamu. "Na mimi nimesaidia, mwanangu, usinione mzee. Yule mlinzi wenu hakuja leo, ana mafua. Basi nikakunja mkono wa gauni, nikamwambia muuguzi achukue damu yangu, mpate ya kulinganisha na ya mjukuu wangu."