Kipimo cha Mkono

Kawangware nzima ilijua kwamba Walubengo hachongi mpini wa panga wala wa jembe kabla ya kupima mkono wa mwenyewe. Ndiyo maana yule mgeni aliweka bastola mezani pamoja na kipande cha katoni kilichochorwa kiganja.

"Buda, huu mpini ni mnono. Akipiga, inamruka. Punguza ikae hii mkono. Nangoja hapa hapa."

Walubengo akaupima mchoro. Kidole cha kati kiliishia kwenye kiungo cha kwanza. Msumeno wa karakana hii hii ndio uliomkata binti yake kidole hicho, alipokuwa darasa la tatu.

Mpini ukimkaa vizuri, ataua. Usipomkaa, atauawa yeye.

Akachukua tupa, akaanza kukitafutia kile kidole kifupi mahali pa kukaa.