Sikio la Kushoto

Fundi wa kuchomelea alisogeza sikio la kushoto mpaka likagusa kitambaa cha spika ya kushoto. Hakusikia kitu.

Santuri nyekundu ya muziki wa panki ilikuwa ikizunguka, na spika ya kulia ikinguruma. Alikuwa amekuja kwa mkunga mstaafu, mtu pekee aliyemjua mwenye wazimu wa muziki ule kama yeye, ili ampe santuri yake ya kijani, naye achukue hiyo nyekundu.

"Mbona umenywea, mdogo wangu? Huitaki tena?"

"Naitaka, dada. Ila upande huu sisikii. Daktari alishanionya, kelele za karakana zitaliua sikio. Naona ndiyo limekwenda."

Mkunga aliinama, akatega sikio lake palepale.

"Mbona hata mimi sisikii kitu?"

Akapapasa nyuma ya spika na kuusukuma waya uliolegea.

Gitaa likamlipukia fundi sikioni. Akakaa sakafuni akicheka huku machozi yanamtoka.

Mkunga akapunguza sauti kidogo.

"Hayo ya daktari, mkeo anayajua?"

Fundi alijifuta uso kwa kiganja, akatoa simu mfukoni na kuiweka kwenye sikio la kushoto.